Kasilda na Alama ya Mguu wa Kuku

Sogeeni karibu, mkae vizuri. Leo tunakwenda Hispania, kijijini kwa Kasilda.

Kasilda ana miaka sita. Meno yake mawili yameng'oka, na maswali yake hayaishi.

"Mbona, mbona, mbona?" huuliza Kasilda, asubuhi mpaka jioni.

"Mtoto wewe na mbona zako!" husema Bibi Benita, akicheka.

Kijijini kwao kuna tanuri moja tu la mikate. Kila nyumba ina muhuri wake wa mti, ili mikate isichanganyike.

Muhuri wa nyumba ya Kasilda una mguu wa kuku. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Kasilda ndiye hugonga muhuri kwenye unga uliokandwa.

Pa! Pa! Pa!

Kijijini kwao pia kuna kanisa la mawe. Ni kuukuu, kuukuu kweli.

"Nani alilijenga, Bibi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Hata bibi wa bibi yangu alilikuta."

"Mbona hakuuliza?"

"Labda hakuwa na domo kama lako!"

Ufunguo wa kanisa hutunzwa na Bibi Benita. Ni wa chuma, mrefu kama mkono wa Kasilda. Hutundikwa kwenye msumari, karibu na mlango.

Siku moja asubuhi, alifika mgeni juu ya punda. Alikuwa mwanamke, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na kamba ya kupimia, daftari, na penseli nyuma ya sikio.

"Hodi! Shikamoo, mama. Mimi ni Mwalimu Eleonora. Ninasoma makanisa ya kale. Naomba ufunguo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kasilda alitoa macho. "Unasoma kanisa? Mbona halina herufi?"

"Lina mawe," alisema Mwalimu. "Nasoma mawe."

"Mpeleke mgeni, Kasilda," alisema Bibi. "Na ole wako uupoteze ufunguo wangu!"

Kwiii! Mlango ulifunguka.

Ndani kulikuwa na baridi, na nguzo nene zilizopanda juu, juu, juu.

"Tazama juu, pima, andika!" alisema Mwalimu.

Kwaru, kwaru, kwaru, iliandika penseli.

"Mwalimu, unatafuta nini?"

"Natafuta alama ya fundi. Zamani fundi akichonga jiwe, aliweka alama yake, ijulikane ni kazi ya nani."

"Kama mikate yetu!"

Mwalimu alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Vitabu vikubwa vinasema kanisa hili lilijengwa na wageni kutoka mbali. Mimi nadhani ni fundi wa hapa hapa. Nikisema hivyo, wenye vitabu wananicheka. Eti mwanamke atajua nini kuhusu kujenga?"

Kasilda alikasirika. "Wao wamewahi kufika hapa?"

"Hata siku moja."

"Sasa mbona wanasema?"

"Ndiyo maana natafuta alama, Kasilda. Na jioni mimi na punda wangu lazima tuondoke."

Basi wakatafuta.

"Tazama juu, pima, andika!"

Kwaru, kwaru, kwaru.

Waliona jiwe lenye simba. Waliona jiwe lenye zabibu. Shingo ziliwauma. Alama ya fundi hawakuiona.

Nje, punda alianza kuita. Hii-haa! Hii-haa!

Mwalimu alifunga daftari. "Basi tena," alisema polepole. Macho yake yalikuwa na machozi.

Kasilda alimwonea huruma mno. Akanyoosha mkono amshike, na ufunguo ukamponyoka.

Ngwa! Ngwa! Ngwaraaa!

Uliteleza mpaka chini ya benchi, nyuma ya nguzo.

"Ufunguo wa Bibi!"

Kasilda alilala kifudifudi. Akatambaa. Akapapasa gizani. Ufunguo, huu hapa!

Lakini ni nini hiki kwenye jiwe, chini kabisa ya nguzo? Alikigusa kwa kidole.

Vidole vitatu mbele. Kimoja nyuma.

"Mwalimu! Mkate wetu!"

"Mkate?"

"Mkate wetu uko kwenye jiwe!"

Mwalimu Eleonora alilala chini na gauni lake, akatambaa kama mtoto. Akatazama.

"Kimbia, Kasilda! Mlete Bibi! Na muhuri!"

Kasilda alikimbia. Tipu, tipu, tipu! Bibi Benita alikuja akihema, muhuri mkononi. Waliuweka kando ya jiwe.

Mguu wa kuku na mguu wa kuku. Sawasawa!

"Muhuri huu nilipewa na bibi yangu," alisema Bibi. "Naye alipewa na bibi yake." Alilipapasa jiwe taratibu. "Kumbe fundi alikuwa mtu wetu."

"Na mimi kutwa nzima natazama juu!" alisema Mwalimu.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu."

Wote watatu walicheka, wakiwa wamekaa sakafuni.

Hii-haa! aliita punda.

"Subiri!" alisema Kasilda. "Tazama chini, pima, andika!"

Kwaru, kwaru, kwaru. Mwalimu aliuchora mguu wa kuku. Chini yake akaandika: *Aliyeuona ni Kasilda.*

Akaondoka na mkate mmoja wenye alama, awaonyeshe wenye vitabu. Kama hataula njiani.

Usiku, ufunguo ulirudi kwenye msumari. Kasilda alijifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Bibi, yule fundi alikuwa na mjukuu?"

"Alikuwa naye, bila shaka."

"Naye aliuliza maswali mengi?"

Bibi Benita alimbusu kwenye paji la uso. "Kama hakuuliza, wewe umeyarithi wapi?"

Kasilda alitabasamu. Akafumba macho.

Na usiku huo, hakuuliza mbona tena.