Kuku wa Friza na Ng'onda wa Layla

Kila jioni alipotoka chuo cha Kurani, Mashavu alipitia duka la jirani mjini Kismayu na kubandika pua kwenye kioo cha friza. Ndani walilala kuku wa ng'ambo, weupe, wagumu kama mawe. Nyuma ya duka jenereta lilinguruma na kutoa moshi mweusi. Mashavu hakuuona moshi. Aliwaona kuku tu.

"Karamu yangu ya kuhitimu tutapika hao," aliwaringia wenzake. "Kwetu hakuliwi vya kimasikini."

Karamu ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Alhamisi binamu yake Layla alifika kutoka kisiwa cha Ngumi na kikapu cha ng'onda, samaki aliowapasua, kuwatia chumvi na kuwaanika juani mwenyewe.

"Hongera, Mashavu. Zawadi yako hii."

Mashavu aliziba pua. "Zawadi gani inanuka hivi? Wape paka."

"Mwaka jana ulikula mpaka ukalamba vidole!"

"Mwaka jana nilikuwa mtoto."

Akakibeba kikapu kwa ncha za vidole, akakitupa kando ya zizi la mbuzi.  Layla alikwenda kukunja nguo zake. "Kesho mashua ikirudi, narudi nayo," alisema.

Ijumaa asubuhi Mama alileta kuku kutoka dukani. Alipofungua mfuko, uvundo ukajaa jiko zima. Jenereta lilikuwa limeharibika tangu juzi, na kuku wote wa friza walikuwa wameoza.

"Wageni wako njiani, mwanangu. Tutawapa nini?"

Mashavu alikimbilia mlangoni. Layla alikwisha kujitwika furushi.

"Layla, nisaidie."

"Kwa kitu gani? Chakula cha paka?"

Mashavu aliinamisha kichwa. "Nilikudharau, ilhali wewe ulinikumbuka kwa zawadi. Nisamehe."

Layla akatua furushi. "Nazi utakuna wewe. Zote."

Walikiokota kikapu kando ya zizi, kifuniko chake bado kimefungwa, wakawaosha ng'onda. Wageni walipewa wali, mchuzi mzito wa ng'onda, na ndizi pembeni. Sinia zilirudi jikoni tupu.

"Nani kapika?" aliuliza Mwalimu Hasina wa chuoni.

Mashavu alimsogeza binamu yake mbele. "Layla. Na samaki ni wake."

Wageni walipoondoka, Mama aliwaita wote wawili. "Yule kuku, mafuta yalichomwa melini kumleta, yakachomwa tena kwenye jenereta kumgandisha, kisha akaishia jaani. Moshi wote huo unaipasha dunia joto, na bahari ya Ngumi nayo inapata joto. Ng'onda wa Layla wamekaushwa na jua tu. Tukila vya kwetu, tena bila kutupa, moshi unapungua. Mashavu, ukitaka kitu cha kudharau, dharau ule moshi."

Jumamosi Mashavu na Layla walipita mbele ya duka. Jenereta jipya lilikuwa linanguruma. Mashavu hakusimama. Aliziba pua, akamshika Layla mkono, wakaenda sokoni kutafuta samaki.