Albamu Iitwayo Notburga

Siku Notburga alipoingia kwenye kibanda cha Pankras, stendi ya Mbinga, alitaka kuingiziwa nyimbo kwenye simu tu. Nje mabasi yalipiga honi na wapiga debe walivutana na abiria. Yeye, ndani ya gauni lake la kitenge cha kijani, alisubiri huku akiimba kwa sauti ya chini. Pankras akavua hedifoni.

"Dada, hebu rudia hapo."

"Nirudie nini na wewe? Niwekee nyimbo zangu, gari linaniacha."

"Likikuacha nakupeleka kwa bodaboda mpaka kwenu."

Gari likamwacha, wala hakujuta.

Mwaka mzima walitengeneza albamu: Notburga maneno na sauti, Pankras ngoma na vinanda vya kompyuta. Pankras alimpigia simu hata Notburga akiwa shambani anachuma kahawa.

"Malkia, umekula?"

"Bado, prodyuza wangu. Njoo unipikie."

Albamu wakaiita Notburga, basi, bila neno jingine. Pankras ndiye aliyeng'ang'ania iwe hivyo. Msichana gani asingepagawa?

Kisha mama yake Notburga akafariki, huko kijijini kwao Litumbandyosi. Wanawake walikaa ndani na maiti, wanaume nje. Notburga alilia mpaka sauti ikamkauka: "Mama, unaniacha na nani?" Alipoinua macho alimwona Pankras amesimama dirishani, peke yake kati ya wanaume wote aliyesogea karibu hivyo. Hapo ndipo alipoamua moyoni kwamba akija kuolewa, ataolewa na huyu.

Albamu ilizinduliwa Mbamba Bay, mchana, mchangani karibu na vichanja vya kuanikia dagaa wa usipa. Notburga alivaa nyeupe tupu. Wimbo wa kwanza watu walicheza, wa pili wakacheza zaidi. Wa tatu hakuujua. Ngoma ilidunda, ikakatika ghafla, ikaingia sauti yake mwenyewe: "Mama, unaniacha na nani?" Ngoma ikarudi kwa kishindo na watu wakashangilia. Kilio kilipokuja mara ya pili, waliimba nacho huku wakikata viuno.

Notburga aliwapa mgongo. Aliondoka bila kumuaga mtu, na simu za Pankras ziliita wiki nzima bila kupokelewa. Siku alipopokea, alisikia sauti ya mtu asiyelala.

"Nimeufuta, Notburga. Njoo uone mwenyewe."

Alikwenda. Kwenye kompyuta kweli haukuwepo. Lakini pale nje ya kibanda, kwenye spika ya bodaboda mmoja, Notburga alikuwa anamlilia mama yake.

"Watu walisharushiana kwenye simu," Pankras alisema bila kumtazama. "Sina namna ya kuurudisha. Nilitaka kumuenzi mama. Nilidhani utafurahi. Nisamehe, mpenzi. Nije na wazee kwenu, nikuoe."

"Pale dirishani, nilidhani umekuja kwangu."

"Nilikuja kwako."

"Na simu mkononi."

Pankras akaanza kulia, kilio kibaya cha mwanaume asiyezoea kulia. Notburga alikuwa bado anampenda, na hilo lilimuuma kuliko yote. Alimshika mkono, akakaa naye kimya mpaka kilio kikaisha, maana hicho tu ndicho yeye mwenyewe alichokihitaji siku ya msiba. Kisha akauachia mkono, akatoka.