Sijambo ya Nyumba ya Arobaini na Moja

Nyumba zilianza kusogea. Si moja, si mbili: mtaa mzima wa Chamwenda, pembezoni mwa Dodoma, ulifunguka katikati taratibu kama pazia, na palipokuwa na nyua pakawa barabara pana ya kupitisha magari mawili ya zimamoto ubavu kwa ubavu. Kila nyumba ilikaa juu ya reli-sumaku, ikielea vidole viwili tu kutoka ardhini. Ndani, wakaazi wachache wa majaribio waliendelea kunywa chai, na chai haikumwagika.

"Sekunde sabini," alisema Afande Zuberi wa zimamoto, akisimamisha saa. "Mhandisi, miaka ishirini nimevuta mpira wa maji vichochoroni. Leo ndiyo nimeona barabara ikinifuata yenyewe."

Mhandisi Tabitha Chilewa alicheka huku machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameuchora mtaa huu kwa miaka sita. Kesho majaribio yangekwisha, naye angetia saini ili watu wengine elfu tatu wahamie.

Kilichobaki kukaguliwa ni Msikizi, mtambo uliokaa ukutani mwa kila nyumba. Alfajiri Msikizi humsalimu mkaazi. Asipojibu, au akijibu kuwa ni mgonjwa, nyumba hufunguka na gari la wagonjwa huondoka. Akijibu vizuri, taa yake huwa ya kijani kwenye kioo cha kishikwambi cha Tabitha, na Msikizi huziba masikio hadi kesho yake, maana nani anataka ukuta unaosikiliza maongezi yake? Tabitha mwenyewe ndiye aliyeufundisha salamu.

"Taa zote kijani," alisema.

"Zote," Zuberi alikubali. "Ila yule bibi wa arobaini na moja leo hajatugombeza. Jana nilikanyaga alipofagia, akaniambia nina miguu ya kuazima. Leo gari zima limepita mlangoni pake, kimya."

Tabitha aliitazama taa ya Bibi Yudita Mbeleje. Kijani. Hata hivyo akaifungua sauti iliyorekodiwa alfajiri.

"Bibi, hujambo?" mtambo uliuliza.

"Sijambo, mwanangu." Kisha pumzi ndefu. "Ila..."

Hapo sauti ilikatika. Msikizi alikuwa amekwisha kuridhika.

Tabitha alitoka mbio, Zuberi nyuma yake.

"Hodi!"

"Karibuni," sauti ilijibu kutoka chini.

Bibi Yudita alikuwa amelala sakafuni kati ya kitanda na mlango, kajifunika kanga miguuni, midomo imemkauka. Nyonga yake moja ilikuwa imevimba. Saa tano ya mchana ilikuwa imeshagonga.

"Bibi, mbona hukuita?"

"Nimeita mpaka koo likakauka. Kidude chenu hicho kimeninunia."

"Lakini kilipokuuliza hali, ulisema hujambo."

Bibi alimkazia macho. "Sasa salamu nijibuje? Nianze na nyonga? Mimi nimelelewa."

Zuberi alibonyeza kitufe cha dharura kiunoni mwake. Mtaa ukafunguka tena, nyumba zikiteleza bila kelele, na gari la wagonjwa likafika mlangoni kabla hajamaliza kumtandikia bibi shuka. Ilikuwa ajabu ileile, nzuri vilevile, imechelewa kwa saa sita.

"Kesho sitatia saini," Tabitha alimwambia Zuberi, akapanda garini na mgonjwa.

Njiani alitoa daftari lake. "Bibi, nifundishe. Mtu akishasema sijambo, mtambo usubiri dakika ngapi?"

"Dakika za nini?" Bibi Yudita alifumba macho kwa maumivu. "Anayetaka kujua huuliza tena."

Tabitha hakuandika kitu. Dirishani, nyumba zilikuwa zikirudi mahali pake moja baada ya nyingine, kwa upole kama watu wanaosogeleana kwenye mkeka. Aliliweka daftari pembeni, akaushika mkono wa bibi.

"Bibi," alisema, "hujambo?"

Safari hii Bibi Yudita alifumbua macho, akamtazama.

"Niliogopa, mwanangu," alisema. "Niliogopa sana."