Kioo Juu ya Bunduki ya Mbwana

Alhamisi ya tarehe 3 Julai 2025, saa kumi na moja na nusu jioni, Hussein aliweka jicho kwenye darubini ya bunduki ya kaka yake Mbwana, na jirani yao Abdi hakuwamo.

Kwa macho yake mawili alikuwa akimwona Abdi waziwazi, ng'ambo ya shamba lao la Mkata, akifunga mzigo wa kuni. Kwenye darubini kuni zilikuwepo. Kamba ilikuwepo, ikikazwa. Aliyeikaza alikuwa nguruwe pori, amesimama kwa miguu miwili, amempa mgongo. Kioo kilinuka damu iliyolala.

Hussein alishusha jicho. Bunduki ile aliiacha marehemu baba yao pamoja na leseni yake, na baba alilenga kwa vyuma tu, tundu dogo nyuma na ncha nyembamba mbele. Mbwana alinunua darubini Korogwe, katika vitu vya mwindaji aliyeuawa na nyati. Fundi aliiinua juu ya vishikizo virefu ili chini yake ubaki uwazi, na vyuma vya zamani vifae siku kioo kikiingia ukungu. Hussein alichungulia kwenye uwazi huo. Juu ya ncha ya chuma alikuwa Abdi, binadamu, na kofia yake ya kijani.

Alimweleza kaka yake. Mbwana alicheka.

"Ukimwona Abdi kama nguruwe, mdogo wangu, macho yako ni mazima kabisa."

Kesho yake aliona mwenyewe, na hakucheka tena.

Kisha mambo yakahamia nyumbani. Tatu, mke wa Mbwana, alisema kuna kitu kinagonga kioo kile kutoka ndani, polepole, kama mtu agongaye kwa ukucha. Asubuhi moja kuku wote walikutwa wamenyongwa bandani, na kila mmoja ameng'olewa jicho la kulia. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya mbuzi mwenye mimba. Tumbo lilikuwa limepasuliwa, utumbo umeburutwa hadi mlangoni, na kitoto kilichokuwa ndani, ambacho hakijawahi kufumbua macho, nacho kilikuwa kimetolewa la kulia.

Hussein alimwomba kaka yake aiondoe darubini. Mbwana alikataa. Nguruwe walikwisha maliza nusu ya mahindi, na bila kioo asingeweza kuwapiga kwa mbali. Badala yake alikwenda Magoma kwa mganga, akarudi na hirizi iliyoshonwa kwa kitambaa chekundu. Mganga aliagiza izungushwe kwenye ule uwazi chini ya darubini, ikazwe sana, maana pale ndipo jini anapovutia pumzi, na asiifungue mtu. Mganga hakujua bunduki. Mbwana aliijua, lakini aliogopa kubishana na hirizi.

"Kaka, umeziba vyuma," Hussein alisema.

"Nimeziba kwa maneno ya Mungu."

"Utahakikisha kwa kitu gani sasa? Baba alisema ukiona kwa mbali, hakikisha kwa jicho lako."

"Basi fungua wewe," Mbwana alijibu taratibu. "Tukuzike wewe."

Hussein hakuifungua. Kugonga kulikoma, watu wakamsifu mganga, Mbwana akaamini kioo kimepona, na hata Tatu akaanza kulala.

Ijumaa iliyofuata, jua likikaribia kuzama, ndugu wawili walikuwa wamekaa kwenye dungu la kulindia shamba. Mbwana aliinua bunduki.

"Wanakuja wawili," alinong'ona. "Dume mbele. Jike nyuma."

Hussein alitazama. Abdi alikuwa akija na mzigo wa kuni begani, na nyuma yake Tatu, kichwani amebeba chungu cha chakula chao cha jioni. Akasema, kaka, hao ni watu, huyo ni shemeji, lakini risasi ilikwisha toka, na Abdi alifunguka shingo, akapiga hatua akiwa hana taya, kuni zikamwagika, naye akaanguka juu yazo huku mikono ikitafuta kitu ambacho hakikuwepo tena.

Tatu alisimama pale pale, damu ya Abdi imemwenea usoni, chungu bado kichwani.

Mbwana alisogeza mtutu kumwelekea Tatu, na midomo yake ilikuwa ikisoma Bismillahi kama asomavyo mtu anayewinda kwa halali, na Hussein akamrukia, akavuta hirizi kwa vidole ikamshinda, akaing'ata kwa meno mpaka fizi zikachanika, nyuzi zikakatika, kitambaa kikadondoka, na mwanga wa jioni ukapita kwenye uwazi ule. Na jicho la Mbwana, likifuata mwanga, likateremka kutoka kwenye kioo hadi kwenye vyuma.

"Tatu," alisema Mbwana.

Akageuza mtutu ardhini. Risasi ikazama udongoni.

Bunduki yoyote hurudi nyuma, na asiyeishika vizuri kioo humchana nyusi. Hii ilirudi na kuingia. Ukingo wa darubini ulizama kwenye jicho lake la kulia, ukatoka, ukapiga tena, ukapiga tena, bila risasi na bila mkono wa mtu, mfupa ukilia kama kibuyu kinapopasuka, na Hussein akining'inia kwenye mtutu kwa uzito wake wote bila kuweza kuuzuia, mpaka uso wa kaka yake ukawa si uso.

Polisi waliichukua bunduki. Darubini haikuonekana. Baada ya maziko ya wote wawili Hussein aliikuta chumbani, juu ya mto wa marehemu.

Shehe Iddy aliletwa kutoka Handeni. Aliiweka juu ya jiwe uani, akasoma Ayatul Kursi, kisha akampa Hussein shoka. Hussein alipoliinua, sauti ikatoka ndani ya kioo, sauti ya Mbwana, yenye ule mkwaruzo wake.

"Mdogo wangu. Niko humu. Usinipige."

Tatu alimshika mkono. "Ndiye, shemeji. Ndiye yeye."

"Roho ya kaka yako iko kwa Mola wake," alisema shehe. "Huyo ni mwizi wa sauti."

Hussein aliamini. Mikono yake haikuamini. Sauti ilianza kulia kwa kwikwi, ikimwambia ndani kuna giza, na kwamba Abdi yupo naye, hazungumzi, anamtazama tu.

Alipiga. Kioo kilipiga yowe refu la mwanamume anayeuawa, na damu ya moto ikamrukia kifuani. Tatu alikaa chini, akaziba masikio. Hussein alipiga mpaka pakawa kimya, akatupa shoka, akainua viganja vilivyolowa.

"Ewe Mola, mghufirie Mbwana. Mghufirie Abdi. Yapanue makaburi yao na uyatie nuru. Na kama aliyelia humu alikuwa kaka yangu, maumivu haya usimhesabie yeye, nihesabie mimi. Amina."