Bahasha Kutoka Khartoum

Mwalimu Onsongo wa Nyamira alikuwa na ugonjwa mmoja tu: bahasha kuukuu. Si bahasha zozote, la! Alizitaka zile zilizoletwa na ndege za kwanza za barua, mwaka wa 1931, zikashushwa Kisumu. Basi jioni moja ya 1971, kigiza kikianza kuingia, akafika Mosocho kwa Bathsheba, mjane aliyesemekana kuwa nayo moja.

Bathsheba akaitoa darini, imefungwa kwa jani kavu la mgomba.

"Mume wangu, Nyasani, alifia Khartoum," akanong'ona. "Mwenzake akatuma hii tuizike badala ya maiti. Sikuizika. Sikutaka afe. Ichukue, mwalimu, mimi nimezeeka. Lakini usiifungue."

Bure, bila hata senti! Onsongo akaichukua, hakungoja kuambiwa mara mbili.

Nyumbani alimkuta mkewe, Roda, ameinjika birika la chai. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Roda alipotoka kufungia kuku, Onsongo akafunua birika, akaishika bahasha juu ya mvuke ili gundi ilainike. Alitaka kuona tarehe ya barua, basi.

Ikafunguka.

Ptuu! Uvundo wa ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa majini...

Barua hakuna. Ndani mlikuwa na fundo la nywele, na kucha. Kucha za mtu mzima, nene, za manjano. Miaka arobaini, na bado zilikuwa na nyama chini yake. Nyama mbichi.

Moja ikateleza.

Tubwi! Birikani.

Akakimbilia nje, akatapika hadi nyongo. Aliporudi, Roda alikuwa ameketi na kikombe, anatafuna kitu.

"Majani gani haya magumu hivi?"

Akameza.

Sema, mwanamume! Hakusema. Aliogopa kumshtua, mimba isije ikatoka tena. Usiku huo akazihesabu kucha zilizobaki, tisa, akazitupa chooni pamoja na nywele. Bahasha akaiweka kabatini. Ndiyo, akaiweka, mpumbavu yule!

Mtoto alizaliwa hai, wa kiume, na Onsongo akalia kwa furaha. Kisha akafunua shuka. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa na ukucha mnene, wa manjano. Vile vingine tisa vya mikono havikuwa na kucha kabisa.

"Zitaota tu," alisema Roda.

Siku ya tatu Bathsheba akaja, na hakuna aliyemwita. Akamwinamia mtoto.

"Nyasani..."

Mtoto akageuza kichwa.

Roda akatabasamu, maana kumwita mtoto jina la marehemu ni jambo la kawaida kwao. Bathsheba akavitia vile vidole mdomoni, kimoja kimoja, akavinyonya taratibu huku ute ukimchirizika kidevuni. Halafu akamtazama Onsongo.

"Zile tisa umeziweka wapi, mwalimu? Zinamuuma."

Mtoto akaanza kulia, kwa sauti nzito.

Choo kilikuwa na kina cha futi ishirini, na kilikuwa kimejaa nusu. Onsongo akavua shati.