Ndaya Ahesabu Wapita Njia

Wiki ile, kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Ndaya aliketi mwisho wa kijiji na daftari magotini. Kila aliyepita kwenda Kamina alimwekea mstari: wa miguu upande huu, wa baiskeli upande ule. Sitwayeni Bokungu, yaani Ndugu Bokungu, injinia wa barabara, alitaka kujua njia, au balabala kama walivyoiita, ya kijiji kipi kati ya vitatu itengenezwe kwanza, na mwalimu alimchagua Ndaya kwa kuwa hesabu zake hazikuwa na mchezo.

Siku ya pili Ngoy, baba yake mkubwa na mkuu wa kijiji, alichungulia daftari akakunja uso. Baiskeli sita tu. Basi akafanya kama walivyozoea wageni wa serikali wanapokuja: akakusanya vijana. Safari hii hawakucheza ngoma, bali walipanda baiskeli na kumzunguka Ndaya mpaka jasho likawatoka.

"Andika yote," alisema. "Balabala ikienda kwa bengine, mihogo yetu itaoza hapa, na itakuwa juu yako."

Mihogo ya mama yake nayo ilikuwa imeanza kuota ukungu.

"Unisamehe, baba mukubwa," alisema kwa sauti ndogo. "Minyi naandika tu bale banaenda Kamina."

Ngoy aliondoka amenuna, na nyumbani hakuna aliyemsemesha Ndaya siku mbili nzima. Iliuma kweli.

Alhamisi mvua kubwa ilinyesha, vijito vyote vikafurika, hata kile cha mwisho wa kijiji kisicho na daraja. Ndaya aliandika: baiskeli hakuna, wanawake thelathini na wanane, wamevuka maji yakiwafika kifuani, mizigo kichwani.

Jumatatu Bokungu alisoma madaftari ya vijiji vitatu mbele ya watu. Mawili yalikuwa na baiskeli mia kila siku, hata Alhamisi ya mafuriko. Akayaweka kando. La Ndaya alilisoma mpaka mwisho.

"Hii njo naamini," alisema. "Hapa bantu banapita hata mu maji. Tutaanza na kuwajengea daraja yenu."

Vigelegele vilipasua anga. Kiangazi kilichofuata, lori la kwanza lilivuka daraja jipya likiwa na magunia ya mihogo hadi juu. Ngoy alimpandisha Ndaya kiti cha mbele, kando ya dereva, kisha akawageukia watoto wote.

"Minyi nilitafuta balabala kwa uongo, ningeipoteza," alisema. "Huyu mutoto aliileta kwa kusema kweli. Na nyinyi mufanye vile."