Mahindi ya Baba Kibarazani

Kila siku baada ya masomo, Letisia alivua sare, akajifunga kanga kiunoni na kwenda kumsaidia mama yake kukaanga maandazi. Walipanga chumba kimoja Nyamugari, mjini Gitega, na mama yake, Jeska, alikaangia kando ya nyumba ya Swabra, muuza vitenge. Mama alikanda, Letisia alikata, na Husni, binti wa Swabra aliyesoma darasa moja na Letisia, kazi yake ilikuwa kuonja.

"Hilo limeungua, lete mi nile," Husni alipenda kusema, hata kama andazi lenyewe limeiva vizuri kabisa.

Mwezi wa sita Swabra alimwoza binti yake mkubwa. Lo! Kibaraza kilipambwa kikapambika. Vitambaa vyeupe vilining'inia kila nguzo, maua ya plastiki yalijaa mlangoni, na taa ndogondogo za rangi ziliwaka hata mchana. Letisia alisimama akatazama mpaka maandazi mawili yakaungua kweli.

Hakuwa anawaza harusi. Alikuwa anawaza kibaraza kingine, cha kwa Bibi Theodosia, huko Butihinda upande wa Muyinga. Baba yake, Bonifasi, alikijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alipanga matofali, akaezeka bati, akasema atapiga lipu kiangazi kikianza. Kiangazi kilipoanza akaugua. Wiki mbili tu, akafariki. Watu waliokuja msibani walikaa kwenye kibaraza hicho hicho wakalia, na tangu siku ile Letisia kila alipokikumbuka alikiona vile: matofali matupu, viatu vya wageni vimejaa mlangoni, na benchi la baba halina mtu.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Mwanzoni mwa mwezi wa nane ndugu wangekutana kwa ganduka, siku ya kumaliza matanga, ili wafiwa waanze tena maisha kama watu wengine.

"Mama, tutapamba kibaraza cha baba?" Letisia aliuliza.

Mama aligeuza maandazi yote kwanza ndipo akajibu. "Kwa pesa ipi, mwanangu? Tulichonacho ni cha mchele na vinywaji vya wageni. Na hicho chenyewe hakijatosha."

"Lakini watu watakaa pale pale walipolia."

Mama alijifuta macho kwa pindo la kanga, akasingizia moshi.

Shule zilipofungwa, Letisia alitangulia Butihinda ili amsaidie bibi matayarisho. Husni alimsindikiza mpaka stendi, akampa kifurushi kidogo. "Shika. Iko vitambaa vya harusi vilivyobaki. Na mama anajua, sikuiba mi!"

Bibi Theodosia alimpokea mjukuu wake kwa kumkumbatia na kumpapasa uso, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Aliposikia habari za mapambo, alicheka kicheko chake cha chini kwa chini.

"Mapambo ya kununua ya nini? Mapambo tunayakanyaga kila siku. Wewe na Kasilda shukeni bondeni, mkachimbe udongo."

Kasilda alikuwa mtoto wa jirani, wa umri mmoja na Letisia, mwembamba na mwepesi wa kucheka. Wawili hao walichimba udongo mweupe bondeni na udongo mwekundu kwenye kingo za barabara. Bibi aliuchanganya na majivu na kinyesi cha ng'ombe, akawaonyesha jinsi ya kuupaka kwa kiganja, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Kwa siku tatu walipaka. Matofali ya Bonifasi yakapotea chini ya ukuta mwekundu, na juu yake Letisia akachora mistari myeupe kwa vidole viwili. Mtama ulikuwa umevunwa, wakafunga masuke yake kwenye nguzo kwa vitambaa vya Husni. Maboga makubwa matatu wakayapanga kwenye ngazi; la nne, Letisia alimwambia bibi, limeibwa.

Palibaki mahali pamoja tu, juu ya mlango. Pale Letisia alitaka mahindi, yaning'inie kama yale maua ya kwa Swabra. Lakini mahindi ya nyumbani yalikwisha kupukuchuliwa na kutiwa guniani. Yaliyobaki na magunzi yake yalikuwa jikoni, juu ya mafiga: mahindi kumi na mawili, yamefungwa ndani ya maganda yake, meusi tii kwa masizi.

"Yale usiyaguse hata kwa kidole," bibi alikuwa amemwambia siku ya kwanza. Hakueleza kwa nini, na Letisia hakuuliza.

Jumamosi bibi alikwenda mazoezi ya kwaya. Letisia akapanda kigoda, akayateremsha.

"We! Bibi yako atasemaje?" Kasilda alishtuka.

"Atasemaje nini? Nitayarudisha ganduka ikiisha. Nishikie beseni."

Alimenya maganda. Jamani, mahindi yale! Yalikuwa na punje nyekundu na nyeupe zilizochanganyika, ila moshi ulikuwa umepenya ukazififisha. Letisia aliyaosha kwa sabuni, maji ya kwanza, maji ya pili, mpaka yakang'aa. Akayafunga pamoja yakiwa yameloa vile vile, akayatundika juu ya mlango. Halafu akaokota magunzi matupu jalalani, akayaingiza ndani ya yale maganda meusi, akayafunga na kuyarudisha juu ya mafiga. Ukitazama kutoka chini, usingejua tofauti.

Bibi aliporudi, alisimama uani muda mrefu. Alikaribia ukuta akaugusa kwa mkono wote.

"Bonifasi angekiona kibaraza chake," alisema. Kisha akainua uso. "Na kile chekundu juu ya mlango ni nini?"

"Mahindi, Bibi. Tumepewa na mama yake Kasilda."

Jibu lilitoka lenyewe, jepesi, bila kukwama. Kasilda alitazama vidole vyake vya miguu. "Mungu ambariki," alisema bibi, akaingia ndani.

Siku kumi zilipita vizuri. Asubuhi ya kumi na moja, Letisia alipofungua mlango aliona unga mweupe sakafuni, kidogo tu. Aliinua macho. Fukusi, wale wadudu wadogo wa nafaka, walikuwa wanatembea juu ya mahindi, na punje zimetobolewa. Katikati ya fungu, mahali jua halikufika, ukungu wa kijani ulikuwa umeota. Sasa alielewa kwa nini bibi aliyaweka kwenye moshi na kuyaacha ndani ya maganda. Masizi aliyoyaona uchafu ndiyo yaliyokuwa yanayalinda.

Akachukua ufagio, akafagia upesi kabla bibi hajaamka.

Kesho yake akafagia tena. Na kesho kutwa. Kila alfajiri unga uliongezeka, na kila alfajiri Letisia aliufagia peke yake.

"Mwambie tu," Kasilda alimsihi. "Mi nitasimama na wewe."

"Siwezi. Ganduka inakaribia. Nitamharibia furaha yake."

Hivyo ndivyo alivyojidanganya. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Siku ya ganduka ikafika. Mama Jeska alikuja kutoka Gitega na magunia mawili ya vitu, akashuka, akakiona kibaraza, akakaa kwenye ngazi na kulia. "Ni wewe uliyefanya hivi, Letisia?" Alimvuta mtoto wake kifuani. Letisia alitamani kufurahi, akashindwa.

Walisali, wakaimba, wakala wali na maharage. Emmanuel, kaka mkubwa wa marehemu, alizungumza kwa niaba ya ukoo. Wageni wote walisifu kibaraza. Hapo Bibi Theodosia akainuka.

"Ndugu zangu, kuna kitu Bonifasi aliniachia. Wengi wenu tulikuwa wote Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Tuliporudi, mmoja alibeba mlango, mwingine bati. Mwanangu alibeba mbegu. Alizishonea ndani ya koti lake, mbegu za mahindi yetu ya kule, nyekundu na nyeupe. Kila mwaka alichagua yaliyo bora kwa mkono wake. Wiki moja kabla ya kuugua alichagua kumi na mawili, akaniambia, 'Mama, haya ni ya kupanda.' Mwezi wa nne nilikosa chakula, sikuyala. Leo Jeska atashuka nayo bondeni, ayapande. Ndipo nitajua matanga yamekwisha."

Letisia aliinua macho kutazama juu ya mlango. Bibi alikwenda jikoni, akarudi na lile fungu jeusi. Alipiga magoti kwenye mkeka, akafungua ganda la kwanza. Gunzi tupu. La pili, tupu. Alifungua yote kumi na mawili, akiyapapasa moja moja kwa vidole, kama asiyeamini macho yake.

"Panya," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Panya wameyamaliza, nami sikuona. Ni haya macho yangu. Nisamehe, Jeska. Alinipa mimi niyatunze, nami nimeyapoteza." Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika.

Mama alikimbia kumshika. "Usijilaumu, Mama, si kosa lako."

Letisia angeweza kunyamaza. Panya wangebeba lawama, na panya hawasemi. Lakini bibi yake alikuwa analia mbele ya watu, akijilaumu kwa kosa asilolifanya.

"Si panya!" alipiga kelele. "Ni mimi, Bibi! Ni mimi!" Akaonyesha juu ya mlango. "Mahindi ya baba ni yale pale. Niliyaosha, nikayatundika, nikakudanganya kwamba nimepewa. Yameliwa na fukusi. Kila asubuhi nilikuwa nafagia unga usiuone."

Watu wote waligeuka kutazama juu ya mlango. Emmanuel alifungua kinywa kwa hasira, lakini bibi akamzuia kwa mkono. Aliyesema kwanza ni mama yake Kasilda. "Kumbe nilipewa shukrani za bure," alisema, akitikisa kichwa. Hakuna aliyecheka.

"Yateremsheni," bibi akasema.

Emmanuel alipanda juu ya benchi la Bonifasi, akayakata. Unga ulimwagika kwenye mikono yake. Basi wageni wale, wenye nguo zao za sherehe, wakaketi kuzunguka mkeka, wakaanza kupukuchua na kuchambua. Yenye ukungu yaliwekwa huku, yaliyotobolewa kule. Yaliyoonekana mazima yakatiwa kwenye beseni la maji, na mengi yakaelea, maana ndani yalikuwa matupu. Punje zilizozama zilijaa konzi moja tu, konzi ya mtoto.

Jioni kabla jua halijazama walishuka bondeni, kwenye kishamba chenye maji hata kiangazi. Mama alichimba vishimo, Letisia akaweka punje, moja moja. Machozi yalimdondoka, wala hakuyafuta. Walipomaliza, bibi alimwita akae karibu naye kwenye tuta.

"Bibi, nimemmaliza baba," alisema Letisia.

"Baba yako hakuwa mahindi, mjukuu wangu. Lakini siwezi kukwambia kwamba haijaniuma. Imeniuma sana." Bibi alimgeukia. "Sikiliza. Kuyateremsha lilikuwa kosa la mtoto aliyempenda baba yake akataka kibaraza chake kipendeze. Kosa hilo lingepona. Ungenambia asubuhi ile ya kwanza ulipoona unga, tungeyarudisha kwenye moshi siku hiyo hiyo, na leo tungepanda mahindi kumi, pengine kumi na moja. Kilichoyamaliza ni zile asubuhi ulizofagia. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijazaa. Na usiogope kuniambia mimi. Nilikuwa nimelala nyuma ya mlango ule ule."

Letisia aliinama, akalala mapajani mwa bibi yake, na mama akaja akakaa upande wa pili.

Walirudi Gitega, maandazi yakaendelea. Wiki ya pili, simu ya mama ikalia wakiwa kwa Swabra. Alikuwa bibi. Alitaka kuzungumza na Letisia.

"Yameota, mjukuu wangu," alisema. "Ningeweza kukwambia yameota yote, ukafurahi, ungejuaje? Lakini hayakuota yote. Yameota mashina tisa. Jana ndege wamelivunja moja. Yamebaki manane."

Husni alinyoosha mkono kuchukua andazi, akamwona mwenzake analia, akaurudisha.

"Asante kwa kuniambia, Bibi," alisema Letisia. "Nami nina la kukwambia. Siku ile ya udongo, lile boga la nne halikuibwa. Niliangusha mimi, likapasuka, nikalitupa."

Kwenye simu kikasikika kile kicheko cha chini kwa chini.

"Nilijua," alisema bibi. "Nilikuwa nasubiri."